Tenda ya usafi shuleni: ile akiba huwa inatokaga wapi?

Kuna mama mmoja jirani yetu, mtaani tunamwita Mama Zai, anafanya usafi kwenye shule moja ya serikali hapa mjini, jina la shule naliacha. Mwezi juzi alinifuata na bahasha, ndani kuna mkataba wa zamani na mkataba mpya, akasema mwanangu hebu nisomee hizi karatasi maana mimi naona herufi tu. Nikasoma. Nikamwambia Mama Zai, huu wa zamani umeisha na huu mpya ni wa kampuni nyingine. Akaniangalia halafu akauliza swali ambalo lilinifanya nikae chini kuandika yote haya: "Sasa bosi wangu ni nani?"

Na kiukweli sio swali jepesi. Anayemwambia afute vyoo vya darasa la tatu ni mwalimu mkuu. Anayemlipa ni kampuni. Kampuni inalipwa na ofisi ambayo yeye hajawahi kuikanyaga. Mshahara ukichelewa, mwalimu mkuu anasema hilo muulize supavaiza, supavaiza anasema hatujalipwa na wateja, na huko kwa wateja ukienda wanakwambia sisi tumeingia mkataba na kampuni, hatukujui wewe. Kila mlango anaogonga anaelekezwa mlango mwingine.

Hii kitu ya kuchukua kazi za wapishi, walinzi, wasafishaji, madereva na mafundi wa shule za umma na kuwapa wazabuni imeenea duniani kote na kila ikija inakuja na neno moja tamu, akiba. Tutabana matumizi, walimu watabaki na kufundisha, usafi waachiwe wanaoujua. Inasikika vizuri na mimi siwalaumu wanaoikubali, ukiwa na bajeti imebana na mtu kakuletea karatasi inayosema huduma ile ile kwa hela pungufu, utakataaje? Ila kuna swali dogo ambalo mara nyingi haliulizwi kwenye kikao. Sabuni ni ile ile, sakafu ni ile ile, siku ina masaa yale yale, na huyu bwana anataka faida juu yake. Hiyo akiba inatoka wapi?

Tupige hesabu ya kitoto kabisa, ya kwangu mwenyewe, sio ya shule yoyote. Chukulia shule ina wasaidizi 10 wanaolipwa kima cha chini cha serikali, ambacho Tanzania tangu Julai 2025 ni shilingi 500,000 baada ya kupandishwa kutoka 370,000. Watu 10 ni milioni 5 kwa mwezi. Mwajiri wa serikali anachangia asilimia 15 PSSSF, ule mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, hiyo ni 750,000 nyingine. Weka sabuni, mafagio, dawa za choo, tuseme 400,000. Jumla 6,150,000.

Anakuja mzabuni anasema mimi nitafanya kwa milioni 5 kamili, VAT ndani. Wow. Shule inaokoa zaidi ya milioni moja kila mwezi, nani asiyetaka? Sasa ifungue hiyo milioni 5. Kama kampuni imesajiliwa VAT, asilimia 18 sio yake, ukitoa inabaki kama 4,237,000. Kampuni ina ofisi, ina supavaiza, ina gari, ina riba ya benki kwa sababu serikali inachelewa kulipa, na mwenye kampuni hajaja kufanya sadaka, kata asilimia 15 ya hapo, zinabaki kama milioni 3.6. Toa ile laki nne ya sabuni. Umebaki na milioni 3.2 ya kulipa watu pamoja na mchango wa mwajiri wa asilimia 10 kwenye NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Gawa kwa watu 10, kila mmoja anapata kama 290,000.

Kutoka laki tano mpaka laki mbili na tisini. Ndio hapo akiba ilipo, imekaa kwenye mfuko wa mtu aliyekuwa anashika fagio.

Au kampuni iwe na huruma kidogo, iwalipe kama 363,000, karibu na wastani wa kima cha chini cha sekta binafsi uliotangazwa kuanza Januari 2026, yaani 358,322. Inawezekana, lakini kwa hela hiyo wanaingia watu 8 tu. Vyoo havijapungua. Madarasa hayajapungua. Kazi ya wawili walioondoka inagawanywa kwa wanane waliobaki, au haifanyiki, basi, hamna njia ya tatu hapo. Hata hiyo mashine mpya ya kudeki wanayokuonyesha kwenye wasilisho haikati sehemu kubwa, kwa sababu kwenye usafi na ulinzi gharama kubwa ni mtu mwenyewe.

(Na hapo kuna kichekesho kidogo kuhusu VAT. Shule inaiona kama gharama, lakini inarudi hazina. Kwa hiyo ukiangalia serikali nzima kama mfuko mmoja, ile hela inatoka mfuko wa kushoto inaingia wa kulia. Mtu wa bajeti ya shule na mtu wa hazina wanaweza kuangalia tenda moja na kila mmoja akaona hesabu tofauti, na wote wako sahihi.)

Sasa tutoke kwenye hesabu za kufikirika twende kwenye mji ambao hii kitu imefanyika kwa ukubwa mpaka ikawa somo, Chicago kule Marekani.

Shule za umma za Chicago, wenyewe wanaita CPS, ni mamia ya shule chini ya bodi moja. Februari 2014 bodi hiyo ikapitisha mikataba miwili ya usafi ya miaka mitatu. Kampuni ya Aramark ikapewa mkataba wa kama dola milioni 260, na SodexoMAGIC, ambayo ni ubia wa Sodexo ya Ufaransa na kampuni ya Magic Johnson, ndio huyo huyo wa mpira wa kikapu, ikapata wa dola milioni 80. Ieleweke kwamba kabla ya hapo usafi wa Chicago haukuwa wote mikononi mwa serikali, kulikuwa na wasafishaji walioajiriwa na bodi na kulikuwa na wengi wa makampuni binafsi tayari. Kilichobadilika 2014 ni kwamba usimamizi wote ulikabidhiwa, yaani nani anasafisha wapi, wangapi, saa ngapi, kwa vifaa gani. Walimu wakuu wakaambiwa nyie pumzikeni na mambo ya mafagio, wekeni akili kwenye masomo, kukiwa na tatizo piga simu.

Septemba ya mwaka huo huo, shule ndio zimefunguliwa tu, Aramark ikatangaza itapunguza wasafishaji 476. Kelele zikapigwa, baadaye idadi ikashushwa ikawa kama 290. Rudi kwenye hesabu yetu ya watu 8 badala ya 10 utaelewa kwa nini hicho ndicho kitu cha kwanza kilichotokea, wala hakikuhitaji mtu mbaya. Mkataba wenyewe ulishaandika hela, na hela ikishaandikwa kinachobaki kuchezewa ni idadi ya watu.

Walimu wakuu wakaanza kulalamika. Mmoja wao, Troy LaRaviere, wakati huo mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya Blaine, na kundi la wenzake wakakusanya maoni ya walimu wakuu na yaliyotoka yalikuwa ni vumbi, vyoo vichafu, takataka hazijatolewa, wadudu na panya, na sabuni na karatasi za chooni kuisha bila kuletwa. Lakini kwangu mimi malalamiko mazito zaidi yalikuwa ya muda. Mwalimu mkuu aliyeahidiwa kupumzika alijikuta anatumia masaa kufukuzana na watu kwenye simu na barua pepe ili mtu aje kufuta matapishi ya mtoto. Zamani angetoka mlangoni akaita jina la mtu. Sasa yule mtu sio wake, ana ratiba yake na supavaiza wake, na supavaiza ana shule nyingine kadhaa.

Mnaofahamu mambo ya tenda mtauliza, kwani hakukuwa na ukaguzi? Ulikuwepo. Na hapa ndio pananifurahisha na kunisikitisha kwa pamoja. Kule Marekani kuna chama cha wasimamizi wa majengo ya elimu kinaitwa APPA, kina kipimo cha usafi cha ngazi 5, ngazi ya 1 inang'aa na ya 5 ni jalala. Kwenye karatasi kila kitu kinapimika. Ila gazeti la Chicago Sun-Times likaja kuandika kwamba kwenye ukaguzi wa kawaida shule zilikuwa zinajua wakaguzi wanakuja lini, na wasafishaji wa ziada wanaletwa kusafisha kabla. Kila aliyesoma shule ya serikali hapa kwetu anaijua hii filamu. Mgeni rasmi anakuja kesho, leo mnapaka chokaa mawe ya njiani.

Halafu mwaka 2017 shule moja ya msingi, Mollison, ikakutwa na panya kiasi cha kufeli ukaguzi wa afya. Baada ya hapo CPS ikafanya ukaguzi wa kushtukiza kwenye shule 125, na matokeo yalipotoka kwenye gazeti mwanzoni mwa 2018, shule 91 zilikuwa zimefeli. 91 kati ya 125, miaka minne ndani ya utaratibu ambao kwa makaratasi ulikuwa unaenda vizuri. Wakakimbilia kuahidi wasafishaji wa ziada, yaani kurudisha watu. Wale wawili kati ya kumi.

Kuna mchumi anaitwa Oliver Hart, alipata Nobeli ya uchumi mwaka 2016 pamoja na Bengt Holmström, kwa kazi yao kuhusu mikataba. Hart na wenzake wawili mwaka 1997 walilieleza hili vizuri sana wakitumia mfano wa magereza, na ukilitoa gerezani ukalipeleka shuleni linakaa vile vile. Mkataba hauwezi kuandika kila kitu. Utaandika "madarasa yafagiliwe kila siku" lakini hutaandika namna ya kuongea na mtoto aliyejikojolea. Sasa mtu binafsi ambaye kila shilingi anayobana inakuwa yake ana hamu kubwa ya kubana, na atabana wapi? Atabana pale ambapo mkataba umenyamaza, kwa sababu pale ulipoongea atakamatwa. Hart hasemi binafsi ni wezi. Anasema kama ubora wa huduma unakaa zaidi kwenye vile vitu visivyoandikika, basi fikiria mara mbili kabla ya kuitoa. Na kama unaandikika wote, itoe tu bila wasiwasi.

Fikiria mlinzi wa geti wa shule ya msingi. Kazi yake kwenye mkataba ni kufungua na kufunga geti, kuandika wageni kwenye daftari, kulinda mali usiku. Kazi yake halisi, ile ambayo mzazi anaitegemea bila kujua, ni kwamba anajua baba wa Juma ni nani na yule mjomba anayekuja kumchukua leo hajawahi kumwona. Hiyo inajengwa kwa kukaa getini miaka. Kampuni inayohamisha walinzi kila miezi mitatu, na nyingi zinafanya hivyo makusudi ili mlinzi asizoeane na watu akala nao njama, inaua kitu hicho wakati inatimiza mkataba wake asilimia mia. Na ukweli usemwe, hoja yao ya kuhamisha ina maana kwenye ghala la mahindi. Shuleni ndio inageuka.

Jikoni ndio kabisa. Uingereza wana historia ndefu ya hili na inafaa kuipitia hata kwa haraka. Mwaka 1980 serikali ya Margaret Thatcher ilifuta viwango vya lishe vya chakula cha shule. Mwaka 1988 ikaja sheria ya serikali za mitaa iliyozilazimisha halmashauri kuingiza kwenye ushindani wa tenda huduma kadhaa zikiwemo usafi wa majengo na upishi wa mashuleni. Unganisha hayo mawili. Unalazimishwa kumpa mwenye bei ya chini, na hakuna sheria inayosema sahani iwe na nini. Hapo sasa bei inashindana yenyewe kwa yenyewe. Kwenye mashule mengi kazi ya mpishi ikageuka kufungua boksi na kupasha moto. Mpaka Jamie Oliver, mpishi maarufu wa kwenye TV, alipoingia na kamera mwaka 2005 na nchi nzima ikashtuka kusikia chakula cha mtoto kina viungo vya peni 37 kwa sahani, serikali ikalazimika kuweka kima cha chini cha peni 50 kwa shule za msingi na 60 kwa sekondari. Viwango vyenyewe vya lishe vilikuwa vimerudishwa 2001, miaka ishirini na moja baada ya kufutwa, kuna watu walimaliza shule, wakazaa, watoto wao wakala chakula kile kile.

Lakini kesi ya Uingereza ninayoipenda zaidi ni ya akina mama wa jikoni wa North Yorkshire, kwa sababu inajibu swali letu la akiba mbele ya mahakama ya juu kabisa.

Ilikuwa hivi. Hawa akina mama walikuwa waajiriwa wa halmashauri, na tathmini ya kazi ilishaonyesha kazi yao ina thamani sawa na ya wanaume fulani wa halmashauri hiyo hiyo, wafagia barabara, wakusanya taka na wengine, hivyo wakawa wanalipwa sawa. Ikaja sheria ya tenda. Halmashauri ikaunda kitengo chake cha kushindana na makampuni ya nje, na kwenye eneo mojawapo kikashindwa, kampuni binafsi ikachukua. Kwa nini? Kwa sababu kampuni ilikuwa inawalipa wanawake wake kidogo, na iliwezekana kuwalipa kidogo kwa sababu walikuwa wanawake wenye watoto, wanaotaka kazi ya masaa machache karibu na nyumbani, hawana pengine pa kwenda. Halmashauri ikaona maeneo mengine yataondoka pia, ikawaondoa kazini wale akina mama na kuwachukua upya kwa mshahara mdogo zaidi. Kwa bei hiyo ikashinda tenda. Wanaume wafagia barabara wakabaki na mshahara wao kama kawaida.

Akina mama wakaenda mahakamani. Kesi ikapanda ikashuka mpaka House of Lords, ambayo wakati huo ndio ilikuwa mahakama ya juu kabisa kule, na mwaka 1995 wakashinda. Halmashauri ilijitetea kwamba haikuwa jinsia, ni soko, tungefanyaje jamani, tulikuwa tunashindana. Majaji wakasema tunaelewa ugumu mliokuwa nao, lakini kushusha mshahara wa wanawake chini ya wanaume wenye kazi ya thamani sawa ni ubaguzi ule ule ambao sheria ya mshahara sawa ilitungwa kuuzuia, hata kama mmesukumwa na mshindani.

Ukiisoma taratibu kesi hiyo unagundua kitu. Hakuna mahali halmashauri ilisema tumepata akiba kwa kupika kwa ujanja zaidi. Hoja yao wenyewe, iliyotolewa na mawakili wao wenyewe, ni kwamba bila kukata mshahara wasingeweza kushinda.

Sasa nisije nikaonekana nasema kila kitu kiwe cha serikali, mimi nimekaa kwenye ofisi za serikali nikisubiri muhuri, najua. Kuajiri moja kwa moja nako kuna uozo wake. Mpishi analetwa kwa sababu ni shemeji wa mtu. Mlinzi amelala tangu 2009 na hakuna wa kumgusa. Mwaka 2016 Tanzania tulihangaika nchi nzima kutafuta wafanyakazi hewa, na hewa haikuwa kwenye makampuni, ilikuwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Mtu akiumwa, kampuni nzuri inaleta mwingine asubuhi hiyo hiyo, wakati kuajiri mbadala serikalini ni kibali na kibali kina safari yake. Na kuna kazi ambazo kutoa tenda ni akili tu, kunyonya choo, kukarabati paa, kufunga umeme, kupiga dawa ya mchwa mara mbili kwa mwaka. Huwezi kuajiri mtu wa mchwa akae shuleni mwaka mzima anasubiri mchwa. Na kazi hizo unaweza kuziandika na kuzipima zote, mchwa wapo au hawapo.

Tena kwetu hali ina sura yake, tusinakili Chicago kama ilivyo. Shule nyingi za msingi Tanzania msafishaji ni mwanafunzi mwenyewe, kila aliyepita huko anakumbuka zamu, anakumbuka kuja na fagio la chelewa na ndoo ya maji. Tangu 2016 elimu ni bila ada na ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 wa sekondari kwa mwaka. Kwa hela hiyo humuajiri mlinzi, ndio maana wazazi wanaitwa vikao vya "kuchangia mlinzi". Kenya nako wafanyakazi wa namna hii kwenye shule za umma mara nyingi wanaajiriwa na bodi ya shule, BOM, na mishahara yao inategemea mgao wa serikali, ambao kwa sekondari umewekwa shilingi 22,244 za kwao kwa mwanafunzi kwa mwaka, na ukichelewa kuja basi mpishi na mlinzi ndio wa mwisho kulipwa. Kwa hiyo ukimwambia mlinzi wa namna hiyo kwamba kampuni inakuja, anaweza akafurahi, maana yeye hana cha serikali cha kupoteza, alikuwa ananing'inia tu. Tofauti kubwa ni kwenye taasisi ambazo tayari zina bajeti ya mishahara, zile za bweni, vyuo, shule kubwa za mjini, huko ndiko tenda inapokuja kula kitu kilichokuwepo.

Na ikishatangazwa kwenye NeST, ule mfumo wa manunuzi wa serikali, wengi wanaangalia jambo moja tu, nani kaweka bei ya chini. Mimi ningeanza kusoma kwenye idadi ya watu na masaa. Je mkataba unasema "shule iwe safi" au unasema watu wangapi, kutoka saa ngapi mpaka saa ngapi? Ukisema safi tu, umeshampa mzabuni ruhusa ya kupunguza watu mpaka pale utakapoona uchafu, na wewe utauona umechelewa. Ningetafuta kipengele kinachosema mshahara usishuke chini ya kiasi fulani, maana kisipokuwepo wazabuni wanashindana kwa kukata hapo hapo. Ningetaka kampuni ionyeshe risiti ya NSSF ya kila mwezi kabla ya kulipwa invoisi inayofuata, kwa sababu michango isiyopelekwa ni mkopo wa bure ambao kampuni inachukua kutoka kwa wafanyakazi wake. Ningeuliza mwalimu mkuu ana sauti gani. Je anaweza kukataa kusaini kwamba kazi imefanyika? Kama saini yake haizuii malipo, yeye ni mtazamaji kama wewe na mimi. Na ningeuliza kampuni ina mtaji wa kulipa mishahara miezi mingapi bila kulipwa na serikali, maana kama jibu ni sifuri, basi kila ucheleweshaji wa hazina unamwangukia moja kwa moja mtu wa fagio.

Chicago waliishia wapi? Mwaka 2025 CPS, ikiwa na pengo la bajeti la dola milioni 734, ikaamua kuachana na makampuni ya usafi na kuirudisha kazi ndani, iajiri yenyewe. Naomba uirudie hiyo sentensi. 2014 waliitoa kazi nje ili kubana matumizi, 2025 wakaamua kuirudisha ndani wakiwa kwenye kubana matumizi. Na safari zote mbili walioambiwa hawana uhakika na kesho yao walikuwa wasafishaji, kwa sababu kurudisha kazi ndani hakumaanishi mtu anahama nayo, wale wa makampuni waliambiwa ajira zao zinaisha, wanaotaka waombe upya kwa bodi.

Hapo ndio tunarudi kwa Mama Zai. Uingereza wana kanuni zinaitwa TUPE, zilizotungwa kwa mara ya kwanza mwaka 1981, kwamba biashara ikihamia kwa mwajiri mwingine mfanyakazi anahama nayo na miaka yake ya kazi, mshahara wake na masharti yake. Hata wao mwanzoni ziliandikwa kwa namna iliyoziacha nje shughuli zisizo za kibiashara, na huduma nyingi za serikali zikaangukia humo, mpaka zikarekebishwa 1993, ndio maana miaka ya mwanzo ya zile tenda ilikuwa rahisi sana kumfukuza mtu Ijumaa na kumwajiri Jumatatu kwa bei ya chini.

Nilimwelezea hiyo, akacheka. Akaniuliza kwetu miaka inahesabiwaje. Nikamwambia sheria ya ajira na mahusiano kazini ya 2004 inatoa kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mpaka miaka 10, lakini mwaka unaohesabiwa ni wa kuwa kwa mwajiri huyo mfululizo. Akasimama akaenda ndani kwake, akarudi na sare tatu, ya kijani, ya bluu ya bahari na hii ya sasa ya machungwa, akazipanga kwenye mkeka. Ya kijani anavaa akienda shamba. Tukahesabu pamoja kwa vidole, na kwa hesabu yake amedeki korido ile ile miaka tisa, mwalimu mkuu wa tatu sasa. Nikaangalia mkataba mpya, tarehe ya kuanza kazi imeandikwa tarehe moja ya mwezi huo.

"Kwa hiyo mimi ni mgeni," akasema, akaanza kukunja zile sare.